Kumsahihisha Mwenye Cheo bila ya Kuvunja Safu

Kila anayeswali jamaa hapa Unguja na Pemba anajua namna ya kumsahihisha mkubwa, ingawa pengine hajapata kuifikiria hivyo. Imamu akisahau, akainuka pale anapopaswa kukaa, maamuma hamvuti kanzu wala hamkemei. Husema "Subhanallah" kwa sauti inayotosha kumfikia, kisha akabaki palepale katika safu yake. Imamu akikwama katika aya, aliye nyuma humpa neno, tena husubiri anyamaze, wala hamkatizi wakati angali anairudiarudia mwenyewe. Kosa hurekebishwa, imamu hubaki imamu, na swala haikatiki. Nimevaa kombati kwa miaka mingi, sehemu kubwa yake nikiwa Pemba, na sijaona kanuni ya kumsahihisha mwenye cheo iliyo bora kuliko hiyo. Ninayoyaandika hapa yanamhusu askari wa Jeshi la Wananchi, lakini aliye katika vikosi vya Zanzibar, yaani KMKM (Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Zimamoto, Valantia au Chuo cha Mafunzo (magereza), atayaona ni yake pia, kwani tofauti ya sare haibadilishi tabia ya binadamu anapoambiwa kuwa amekosea.

Pima kosa kabla ya kupima cheo

Wengi huanza kwa kujiuliza, "Huyu ni nani?" Anzia kwingine: jiulize kosa hili litafanya nini likiachwa kwa dakika moja, kwa saa moja, au mpaka kesho. Jibu la swali hilo ndilo litakalokwambia usahihishe sasa hivi mbele ya watu, usubiri mapumziko, au usubiri mpaka mkubwa awe peke yake ofisini.

Kwenye uwanja wa shabaha hakuna la kusubiri. Mtu yeyote, hata kuruta wa wiki ya pili, akiona mtu amevuka mstari wa kulengea au mtutu umegeukia upande wa watu, ana wajibu wa kupaza sauti, "Acha kupiga!", na kila mwenye bunduki, awe praiveti au kanali, huacha. Hapo huombi ruhusa wala huanzi kwa "samahani afande". Hali ni hiyohiyo kwa mwenye kidole kwenye kifyatulio wakati hajaamriwa kulenga, kwa anayekabidhi silaha bila ya kuikagua, na kwa gari linalorudi nyuma ambapo kuna mtu amesimama. Adabu ya sauti ije baada ya uhai.

Makosa mengine takriban yote yanaweza kusubiri, na mengi yanafaa yasubiri. Jina la kijiji lililotamkwa vibaya katika maelezo ya asubuhi, kifungo kilichoachwa wazi, tarehe iliyokosewa katika hotuba kwa wageni: hayo hayamuui mtu, na askari anayeyakimbilia mbele ya kadamnasi hujitafutia sifa tu, hata kama mwenyewe hakubali kwamba ndicho anachokitafuta.

Nilivyojifunza kwa kukosea

Nilipokuwa koplo tulikuwa tukifanya mazoezi ya gwaride chini ya luteni usu kijana, aliyetoka chuoni si zamani. Amri ya kugeuka nyuma katika mwendo hutolewa mguu wake maalumu unapogusa ardhi. Yeye akaitoa kwenye mguu usio wake. Nusu ya platuni ikageuka, nusu ikaendelea, na mimi nikapiga ukelele kutoka safu ya pili, "Siyo mguu huo, afande!" Platuni nzima ikacheka. Kwa mwezi mzima uliofuata ofisa yule hakutoa amri bila ya kunitazama kwanza usoni, na jambo hilo lilikuwa baya kuliko kosa la mguu, kwa sababu askari thelathini walikuwa wakimwona kiongozi wao akiomba idhini kwa koplo.

Sajenti Meja wetu, mtu wa maneno machache, aliniita jioni chini ya mwembe. Aliniambia, "Haki ulikuwa nayo, adabu uliiacha bwenini." Kisha akanieleza alivyokusudia kufanya yeye kabla sijamwahi: angesogea hatua mbili, asimame mguu sawa, na aseme, "Afande, naomba platuni irudie." Platuni ingerudia, luteni angepata nafasi ya pili ya kuhesabu miguu, na wengi wangedhani kosa ni lao. Baadaye, wawili hao wakiwa peke yao, angemweleza mguu unaotakiwa. Watu wa visiwani neno letu kwa jambo hili ni stara, na stara si unafiki. Kosa linatajwa kwa jina lake kamili, ila linatajwa mahali ambapo mwenye nalo anaweza kulisikia bila ya kuvuliwa nguo.

Maneno ya kumwambia aliye juu yako

Tuchukue mfano wa baharini, maana ndiko vikosi vyetu vingi vinakofanya kazi. Boti ya doria inapita upande wa magharibi wa Pemba, ambako kati ya visiwa vidogo kuna milango inayopitika maji yakijaa na isiyopitika yakikupwa. Mkuu wa boti amepangiwa Pemba juzi tu. Anaamuru boti ikate kupitia mlango fulani ili kufupisha safari. Wewe ni mzaliwa wa huko, babu yako alikuwa mvuvi, na unajua kwamba siku za bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida, mlango ule ukikupwa hubaki mwamba mtupu.

Mara ya kwanza, uliza. "Afande, naomba kuthibitisha: tunapita ndani ya mlango, au tunazunguka?" Swali kama hili humpa nafasi ya kujisikia mwenyewe, na mara nyingi hutosha. Asiposhtuka, mara ya pili acha kuuliza na utaje ulichokiona pamoja na matokeo yake: "Afande, leo ni bamvua na maji yanakupwa. Mlango huu utakuwa na mwamba juu. Napendekeza tuzunguke nje." Angalia kwamba sentensi hizo hazina neno "umekosea" wala "hujui". Zina maji, mwamba na njia nyingine, na uamuzi umeachwa kwake. Akisisitiza, mara ya tatu sema wazi, kwa sauti ileile ya chini: "Afande, tukiingia tutapanda mwamba. Naomba usimamishe boti kwanza." Ikifika hapo na boti bado inaelekea mwambani, umesharudi kwenye uwanja wa shabaha, na unasema "Simamisha!" kama ungelivyosema pale.

Kosa kubwa la askari wetu walio wengi ni kukomea mara ya kwanza. Tumelelewa kuwa mkubwa hasemwi, kwa hiyo tunauliza swali moja la kuzungukazunguka, tunanyamaza, na baadaye tunajipa moyo kwamba tulisema.

Wanamaji wa Uingereza walilipa gharama ya tabia hiyo tarehe 22 Juni 1893, karibu na mji wa Tripoli katika pwani ambayo leo ni ya Lebanon. Makamu Admeri George Tryon, aliyekuwa na sifa ya kutopenda kuulizwaulizwa, alikuwa akiongoza manowari zake katika safu mbili zinazokwenda sambamba, akaamuru safu hizo zigeuke kuelekeana. Ofisa wake mmoja alikuwa amependekeza kuwa kati ya safu hizo kuwe na nafasi ya kebo 8 (kebo ni kipimo cha masafa baharini). Tryon akakubali, kisha akatoa ishara ya kebo 6, yaani takriban mita 1,100, nafasi isiyotosha kwa meli mbili za ukubwa ule kugeuka bila ya kukutana. Alipoulizwa tena alijibu kwamba ibaki 6. Aliyekuwa akiongoza safu ya pili, Albert Markham, aliona amri ile haiwezekani na akasita kutoa ishara ya kukubali; Tryon akamuuliza mbele ya manowari zote anasubiri nini, naye akatii. Manowari ya Markham, Camperdown, ikaitoboa Victoria, manowari ya Tryon mwenyewe; Victoria ikazama, na watu 358 wakafa, naye Tryon akiwemo.

Ukiyafuatilia mazungumzo ya siku ile unakuta kwamba shaka ilikuwamo katika vichwa vya watu wengi, lakini ilipita kwa njia ya maswali na vipimo, ikaishia hapo. Mahakama ya kijeshi iliyokaa Malta ilisikitika kwamba Markham hakutimiza nia yake ya kwanza ya kumpelekea mkuu wake ishara ya kueleza shaka aliyokuwa nayo, ila ikaona kuwa kumlaumu kwa kumtii mkuu aliyekuwepo palepale kungedhuru jeshi. Mimi huisoma hukumu hiyo hivi: utii wako utakulinda mbele ya mahakama, lakini hautaifanya boti ielee.

Njia nyepesi kuliko zote ni kurudia amri. Ukipokea amri kwa redio au kwa mdomo, irudie neno kwa neno, hasa tarakimu: "Nimepokea: tuelekee nyuzi 2-1-0, saa mbili usiku." Kama mkuu aliteleza ulimi na alikusudia 1-2-0, atasikia kosa lake kwa sauti yako na atalirekebisha bila ya mtu kumsahihisha. Redioni ndiyo njia pekee inayofaa, kwani kila kituo kinasikia, na ubishi wa redioni husikika mpaka kwa usiyemkusudia.

Kwa maandishi mambo ni mepesi. Mkuu akikupa rasimu ya barua na ukaona kosa, liandikie kwa penseli pembeni, si kwa wino mwekundu, na uiambatanishe karatasi ndogo yenye pendekezo lako. Rasimu ikisharudi kwake na kusainiwa, penseli hufutwa na hakuna atakayejua.

Ofisa kijana na afisa mteule mwenye mvi

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapotofautiana na kambi za bara, ambako askari hutoka mikoa ishirini na kitu na hakuna anayemjua baba wa mwenzake. Pemba, ofisa wa miaka ishirini na minne anaweza kukuta kwamba Afisa Mteule wa kombania yake ni mjomba wa mama yake, au ndiye maalim aliyemfundisha Kurani akiwa mtoto. Kambini mzee humpigia saluti kijana. Akitoka getini kijana humpa mzee shikamoo. Nimeona vijana wawili wakiharibikiwa na jambo hili kwa njia zinazopingana. Mmoja alimwonea haya mzee hata akaacha kumsahihisha kabisa, na hesabu za stoo zikapotea. Mwingine, kwa kuogopa kuonekana anaonea haya, alimsema mzee mbele ya makuruta kwa maneno ambayo hata mtoto wa mzee yule asingethubutu kuyatamka. Mzee alinyamaza, lakini kombania nzima ilimnyima ofisa yule ule moyo wa ziada ambao hauandikwi katika kanuni yoyote.

Wewe kijana mwenye nyota, usimsahihishe mzee wa kazi mbele ya walio chini yenu, isipokuwa pana hatari. Mwite ofisini, au bora zaidi mwendee alipo. Mwambie akae. Anza kwa kazi na wala si kwa umri, na usitumie neno "mzee" katika mazungumzo hayo, maana neno hilo huwapeleka nyote wawili mtaani hali ya kuwa mambo ni ya kambini. Mtaje kwa cheo chake. "Afisa Mteule, hesabu ya wiki hii imepungua makasha mawili. Nieleze ilivyohesabiwa." Msikilize mpaka mwisho, kwani mara nyingi anayejua kilichotokea ni yeye. Kisha toa uamuzi wako wazi, bila ya kuuvika kilemba cha utani. Mzee wa jeshi hakasiriki kwa kuamriwa, ameamriwa maisha yake yote. Hukasirika kwa kudharauliwa na kwa kubabaishwa.

Nawe mzee, ukitaka kumsahihisha ofisa kijana, usitumie mvi zako kama cheo. Sentensi ya "mimi nipo jeshini tangu wewe hujazaliwa" haijapata kumfunza mtu chochote. Mpe ujuzi wako kama ushauri kabla ya kosa, usiku wa kuamkia kazi, ili asubuhi atoe amri iliyo sahihi na ionekane ni yake. Ofisa mwenye akili atajua ilitoka wapi.

Aliye chini yako na aliye sawa nawe

Wa chini husahihishwa mapema, kwa ufupi, na juu ya kitendo. Kumwambia kuruta "wewe ni mpumbavu" hakumwambii abadilishe nini. Kumwambia "mkono wako wa kushoto umeshika mbele mno, urudishe hadi hapa" kunamwambia. Mwonyeshe, mwache afanye, mwache arudie mara ya pili mbele yako. Mama yake na kijiji chake usivitaje kamwe. Kama kosa ni la sekisheni nzima, msahihishe sajenti wake peke yake, naye ndiye awasahihishe askari wake. Ukimruka sajenti ukawasema askari moja kwa moja, utakuwa umechukua mamlaka atakayoyahitaji usiku ambao wewe haupo.

Kwa aliye sawa nawe kuna jambo moja tu ninaloliona la kusema: mwambie yeye kabla ya kumwambia mwingine yeyote. Visiwa ni vidogo. Kosa la gwaride la asubuhi linaweza kufika kwenye baraza za kahawa Chake Chake kabla ya Alasiri, na mwenzako akilisikia huko kwanza, hakuna lugha ya upole itakayokusaidia baadaye.

Kikosi kingine, sare nyingine

Katika shughuli za pamoja, kama uokozi baharini au maandalizi ya gwaride la tarehe 12 Januari, utajikuta ubavuni kwa watu ambao hawapo chini yako na vyeo vyao havilingani na vyako kwa majina. Usimsahihishe askari wa kikosi kingine moja kwa moja, hata kama kwa cheo wewe ni mkubwa kwake mara tatu, isipokuwa kwa hatari ya papo hapo. Mtafute kiongozi wake, mweleze ulichokiona, umwachie. Askari aliyesahihishwa na mgeni mbele ya wenzake huitetea sare yake, wala halioni tena kosa.

Pale ambapo upole hautoshi

Yote niliyoyasema yanahusu makosa. Amri ya kutenda jinai si kosa la kusahihishwa kwa staha. Ukiamriwa kumpiga mtu aliyekwisha kukamatwa na kufungwa mikono, au kuandika katika ripoti jambo ambalo halikutokea, jibu ni moja na fupi: "Afande, amri hiyo siwezi kuitekeleza, ni kinyume cha sheria," kisha unatoa taarifa kwa aliye juu yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, imamu akisimama kwa rakaa ya tano maamuma anayejua hamfuati. Humsubiri akiwa amekaa, au hujitenga naye kwa nia na kuimaliza swala yake. Hapigi kelele, lakini hasimami. Ila tahadhari usiigeuze kanuni hii kuwa mwavuli wa uvivu: amri usiyoipenda, amri inayochosha na amri unayoiona haina busara zote ni halali mpaka ithibitike vinginevyo, na hizo unazishauri kisha unazitii.

Unaposahihishwa wewe

Mkuu anayekunja uso anapoambiwa hufanikiwa kuambiwa mara moja tu katika maisha yake ya kazi. Ukisahihishwa na wa chini yako na akawa amesema kweli, sema "Sahihi, ahsante koplo," badilisha amri na uendelee, bila ya kueleza kwa nini ulikosea. Imamu aliyekumbushwa huimaliza swala na kuleta sijda mbili za kusahau mbele ya wote, na sijamsikia maamuma aliyeacha kuswali nyuma yake kwa sababu hiyo. Kama namna aliyoitumia koplo ilikuwa mbaya, yashughulikie mambo mawili hayo kwa nyakati mbili: kosa lako sasa hivi, na adabu yake jioni. Ukiyachanganya, askari wote wataelewa kwamba ameadhibiwa kwa kusema kweli.

Na itatokea siku utakayomsahihisha mkubwa kwa ujasiri wote, kisha ugundue kuwa aliyekosea ni wewe. Kwamba mwamba ule ulikuwa mlango wa pili, si huu. Usingoje akuite. Mwendee siku hiyohiyo, piga saluti na useme, "Afande, nilichokisema asubuhi sicho, nilichanganya milango. Niwie radhi." Usiongeze neno. Kama ulimsema mbele ya watu, omba na radhi mbele ya watu haohao, kwenye foleni ya asubuhi inayofuata, kwa sauti ileile uliyoitumia ulipokuwa na hakika.